Verlene Quesenberry, Aliyeomba Kazi kwa Bega Lililovunjika

Verlene Akers Quesenberry alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 mjini Fries, Virginia, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Posey na Ocie Akers, waliofanya kazi kiwanda cha pamba.

Alisoma hapo hapo Fries hadi darasa la kumi, akaacha mama yake alipougua. Hesabu hakuipenda. Kusoma kwa sauti alikupenda mno, hata mwalimu akawa anamwomba awaachie na wenzake nafasi.

Mwaka 1966 aliajiriwa kiwanda cha samani huko Galax, chumba cha kupiga msasa. Huko dereva wa lori, Orbie Quesenberry, alimwambia, "Dada, una vumbi puani." Akajibiwa, "Na wewe una maneno mengi mdomoni. Tujipanguse wote." Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1969 katika kanisa hili hili tunamomuaga leo, wakajaliwa binti mmoja, Renita.

Oktoba 1993 rundo la mbao lilimwangukia, likamvunja bega la kulia. Baada ya upasuaji daktari alimruhusu kazi nyepesi tu: asinyanyue kizito, asiinue mkono juu ya kichwa. Kiwandani wakasema kazi nyepesi hawana. Bima ya walioumia kazini iliendelea kumlipa sehemu ya mshahara, kwa sharti kwamba kila wiki atafute kazi anayoiweza na aoneshe kuwa ametafuta.

Shangazi yangu alitafuta. Aliuliza benki, duka la maua, vituo vya mafuta, hata ofisi ya huduma za mazishi. Wengi walimtazama bega kabla ya uso. Jioni moja, nje ya duka jingine, alikataa kushuka garini.

"Basi, mke wangu," Orbie akambembeleza. "Tutakula maharage."

"Maharage si ndiyo tunayokula? Nimechoka kuombaomba, Orbie."

Kesho yake alitoka tena.

Hata hivyo bima ilisimamisha malipo, ikidai anazungukazunguka tu, hana nia ya kupata kazi. Akapinga, na shauri likasikilizwa Machi 1995, nami Twila, binti wa kaka yake Elzie, nilikuwepo. Wakili wa bima alimuuliza, "Mama, uliomba kazi gereji. Unajua nini kuhusu magari?"

"Sijui kitu. Lakini simu ilikuwa inalia, na yule bwana mikono yake imejaa grisi. Simu naweza kupokea."

Fundi mwenyewe, Bwana Dewey Lineberry, aliitwa kutoa ushahidi. "Alikuja kweli," akasema, "nikamkatalia kwa sababu ya lile bega. Tangu hapo kila simu ikilia, namkumbuka." Akamgeukia. "Mama, nafasi bado ipo, kama hujanikasirikia."

"Nimekukasirikia. Naanza lini?"

Hata naibu kamishna aliyesikiliza shauri alicheka. Aliamua kuwa Shangazi alitafuta kwa nia njema, malipo yakarudishwa. Na kwa kuwa mshahara wa gereji ulikuwa mdogo kuliko wa kiwandani, bima iliamriwa kujazia sehemu ya pengo.

Alipokea simu za gereji hadi mwaka 2012. Walioumia viwandani wakawa wanamfuata, naye akiwapeleka kuomba kazi kwa gari lake, akawangoja nje. Aliyerudi amenuna alimuuliza, "Umekataliwa wewe, au mgongo wako? Haya, funga mkanda, twende kwingine."

Orbie alitangulia mwaka 2009. Mwaka 2017 Shangazi aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Bwana Lineberry alikuwa akija kukaa naye.

"Na simu anapokea nani?" Shangazi akamuuliza siku moja.

"Hakuna. Inalia tu."

"Wewe Dewey! Utafilisika."

"Iache ilie, mama," akasema, akamshika mkono.

Alifariki tarehe 21 Aprili 2018, nyumbani kwa Renita.

Ameacha binti yake Renita na mkwewe Garnett Bobbitt, wajukuu Kendra na Tate, kaka yake Elzie, rafiki yake Dewey Lineberry, na wengi waliopanda gari lile wakiwa wamekata tamaa.

Ee Mungu, kwako asibishe hodi. Mfungulie, apumzike.