Mota ya Bi Kahawa Inaumwa Nini?

Mashine ya Bi Kahawa ya kusagia kahawa iliundwa kwa mota ya wipa za gari bovu na betri kuukuu, na miaka tisa ilisaga bila kugoma. Wiki hii ndiyo imeanza vituko: inajivuta, inatoa cheche, inanuka kuungua, kisha inasimama. Naye mwenyewe kasema bila kupepesa macho kwamba ikifa, anafunga kijiwe. Benchi zima la wateja likaingiwa na homa, na aliyetokwa jasho zaidi ni Fundi Saa. Juzi, Bi Kahawa alipokwenda kuchota maji, fundi huyo aliinyunyizia ile mota mafuta ya cherehani ili kumfurahisha mwenyewe akirudi. Tangu hapo ndiyo imezidi.

— Tatizo sumaku, Fundi Saa akawahi kusema, kabla mtu hajataja mafuta. Miaka tisa inavuta tu! Hata wewe ungechoka.

— Sumaku wapi! akadakia Dereva, mstaafu wa malori. Mota ya wipa hiyo, imezoea mvua. Tangu iingie humu haijaona tone. Inanyong'onyea.

— Ndiyo maana wahenga wakasema dalili ya mvua ni mawingu, Fundi Saa akamuunga mkono kwa moyo wote.

Mwalimu akasafisha koo.

— Nguvu zinavuja, jamani. Mnayaona yale matundu pembeni? Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tutafune bazoka, tuyazibe.

— Itapumulia wapi? akauliza Fundi Saa.

— Kwani inapumua?

— Kama haipumui, mbona inahema?

— Basi wivu, alisema Dereva. Bi Kahawa kaleta redio, nayo inakula betri hiyohiyo. Betri moja, wake wawili! Mkubwa lazima anune.

— Endeleeni, alisema Bi Kahawa. Kahawa ikiisha mtakunywa maneno.

Ndipo akafika mpwa wake, binti fundi umeme wa magari, bisibisi mkononi. Hakusalimia sana. Akaifungua mota, akatoa vipande viwili vyeusi, vifupi kama kucha.

— Brashi za kaboni hizi, shangazi. Ndizo zinazopeleka umeme ndani, zinasugua shaba kila mota ikizunguka. Zimelika, hazigusi vizuri. Uzee tu, nitakuwekea nyingine.

Fundi Saa akashusha pumzi. Binti akapitisha kidole ndani, kikatoka na tope jeusi.

— Ila hapa hapatiwi mafuta! Yanashikana na unga wa kaboni, umeme haupiti. Na hapa kuna ya cherehani, kuna ya gari, na haya... haya ya nywele. Nani katia?

Fundi Saa alitazama viatu vyake. Alipoinua macho, Dereva alikuwa anahesabu sisimizi, na Mwalimu anajipapasa kipara.

Bi Kahawa akaliinamisha birika. Halikutoa kitu.

— Kahawa imekwisha, na tope hilo halisafishiki leo. Kinu kile pale. Aliyetia mafuta, akatwange.

Fundi Saa aliinuka, aibu imemjaa, akanyoosha mkono aushike mchi. Akakuta mikono miwili, wa Dereva na wa Mwalimu, imeshamtangulia.