Bendera ya Balbina Inarudi Nyuma

Benchi letu limeegemea ukuta wa mkahawa wa Gracinda, na ukikaa hapo huna pa kutazama ila dirisha la Balbina ng'ambo ya barabara. Wenye benchi ni watatu. Yupo Sindano, fundi cherehani mstaafu aliyewashonea nusu ya kijiji suti za harusi, na sasa anawaona wakizikwa nazo. Yupo Kamanda, aliyeishia koplo, ila mdomo wake ulipanda cheo bila yeye. Na mimi naitwa Kengele, kwa kuwa nilivuta kamba ya kengele ya kanisa mpaka padri alipoleta mashine ya umeme. Kahawa ni ya Gracinda, kwa hiyo na neno la mwisho ni lake. Siku hiyo ya Novemba, mchana mweupe, tulikuwa na jambo. Balbina, ambaye haamki kitandani, alikuwa ameniita asubuhi akaniambia niamue kabla jua halijazama: bendera ishuke au ibaki. Aliitundika mwanawe mwaka ule wa mashindano ya mpira ya Ulaya, nchi nzima ilipotundika bendera madirishani, naye alikuwa anaondoka kwenda kubeba zege Luxembourg. Akamwambia mama yake asiishushe mpaka arudi. Hajarudi. Mimi ndiye niliyemshika juu ya maji ya ubatizo, na nilimpenda kuliko wanangu, na wanangu wanalijua hilo.

KAMANDA: Ishushwe. Kitambaa kimekufa hicho, kizikwe.

SINDANO: Kitambaa hakifi, bwana. Kinachuja.

KAMANDA: Kinachuja mpaka kinaota taji?

GRACINDA: Hebu mmoja aanzie mwanzo. Nyie kila siku mnaanzia katikati, halafu mnataka kahawa nyingine.

Haya, nikaanzia mwanzo. Ilikuwa bendera ya nchi yetu, ile ya kijani na nyekundu yenye ngao, ya dukani, iliyoshonwa Uchina. Penye zile ngome saba za kwenye ngao, Mchina alitia vihekalu vya kwao, vyenye paa zilizopinda. Tulicheka mpaka Kamanda akapaliwa. Kisha Wagiriki wakatufunga fainali hapa hapa nyumbani, watu wakashusha bendera zao kwa hasira, ya Balbina ikabaki.

SINDANO: Ikaliwa na jua. Kijani kikipoteza umanjano kinabaki buluu. Nyekundu inakwisha, inakuwa nyeupe. Mapazia yanafanya hivyo kila siku.

KAMANDA: Na buluu na nyeupe ni bendera ya nani?

SINDANO: Ya wafalme. Ya mwisho mwisho, kabla hawajafukuzwa.

KAMANDA: Ahaa.

SINDANO: Ahaa nini? Jua halina chama.

MIMI: Sindano, mwambie Gracinda habari ya mshono.

Sindano akainamia kikombe chake. Hapendi kuulizwa habari ya mshono.

SINDANO: Bendera ya jamhuri, kijani ni kidogo, nyekundu ni kubwa. Ya mfalme ni nusu kwa nusu. Sasa jua litakula rangi, sawa. Mshono haliwezi kuusogeza. Nilipanda ngazi nikaupapasa. Ulikuwa katikati. Na pale ulipotoka hapakuwa na tundu hata moja la sindano.

GRACINDA: Na wewe ukanyamaza?

SINDANO: Ningemwambia nani? Huyu Kamanda?

KAMANDA: Ungeniambia ningekuambia mapema. Ni Wahispania. Walitukalia miaka sitini na hawakushiba. Wanatubadilishia bendera kidogo kidogo, siku moja tunaamka hatuna nchi. Kikulacho ki nguoni mwako.

SINDANO: Hiyo ni ya chawa, Kamanda.

KAMANDA: Na Mhispania ni nini?

GRACINDA: Shemeji yangu ni Mhispania.

KAMANDA: Pole sana.

Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Maana hayo ya mshono yalikuwa ya zamani, na mwaka huu ndipo mambo yalipokimbia. Kwanza lilipotea lile tufe la mabaharia linalobeba ngao, likaja taji. Vile vihekalu vya Mchina vikawa ngome, ngome kabisa, na milango yake.

GRACINDA: Labda Mchina alirudi kurekebisha. Mtu mzima huona haya.

MIMI: Kisha ikawa nyeupe yote, ngao katikati. Na zile ngao ndogo tano zilizo ndani yake, mbili za pembeni zikalala.

GRACINDA: Zikalala vipi?

MIMI: Ncha zikaelekeana. Hivyo ndivyo zilivyokuwa enzi za kale, mpaka mfalme mmoja akaziamuru zisimame. Watu walikuwa wakisema ngao iliyolala ni ya mtoto wa nje ya ndoa.

KAMANDA: Kwa hiyo bendera inatutukana.

MIMI: Baada ya Pasaka taji halipo. Kiangazi ngome zikaanguka zote. Wiki iliyopita hata ngao hazipo, umebaki msalaba wa buluu. Ule wa kabla hatujawa na mfalme wetu wenyewe.

GRACINDA: Basi iacheni. Inarudi kwao. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ikimaliza safari yake itatulia, na kijana atakuja.

Nikapenda alivyosema. Nilitaka mtu aseme hivyo. Lakini Sindano alikuwa anakuna ukingo wa kikombe kwa ukucha, na namjua Sindano.

SINDANO: Mimi nimefumua nguo maisha yangu yote. Huanzi popote. Unaanza na mshono wa mwisho, unarudi nyuma, na ukifika ule wa kwanza huna tena nguo mkononi. Una uzi. Hiyo siyo bendera inayorudi, jamani. Ni sisi tunafumuliwa.

KAMANDA: Acha kututisha. Umekunywa nini?

SINDANO: Kahawa, kama wewe. Tangu ngome zianguke, simu ya Luxembourg imelia kwa Balbina?

Kamanda akakoroga kikombe kitupu.

SINDANO: Balbina mwenyewe amemtaja lini? Zamani hukuweza kumpita pale mlangoni bila kusimuliwa habari za mwanawe.

Hasira zikanipanda.

MIMI: Kijana yupo. Niliongea naye Krismasi.

SINDANO: Krismasi gani, Kengele?

Nikatafuta. Niliiona simu, niliona maganda ya karanga mezani, nikasikia sauti yake akiniomba baraka kama alivyofanya tangu mdogo. Mwaka sikuupata. Nikamwambia Sindano ashone mdomo wake kwanza ndipo ashone ya watu.

KAMANDA: Mbona siuoni msalaba?

Tukatazama juu wote. Hapakuwa na upepo, kitambaa kilikuwa kimetulia, na kilikuwa cheupe. Hakuna mstari, hakuna doa, hakuna hata mshono wa ukingo. Gracinda akajishika kifua akataja watakatifu wake mmoja mmoja. Nikasimama. Niliona sasa naishusha, neno la kijana livunjike tu, nitamwomba radhi akija.

Ndipo mlango wa Balbina ukafunguka, akatoka muuguzi mpya wa zahanati, binti Ondina, ambaye hata mwezi hajamaliza hapa. Akavuka barabara.

ONDINA: Shikamooni wazee.

SISI: Marahaba.

ONDINA: Naomba msaada wenu. Bibi amekataa supu tangu jana. Anasema anamngoja mtu kwanza, nikimuuliza nani, analia, hajui. Nadhani ni mwanawe. Nikikaa naye nikawa namtajia jina lake, huenda akala. Anaitwa nani?

Kamanda akakohoa. Gracinda akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

GRACINDA: Si yule, aliyekuwa akinivunjia vikombe. Mrefu.

KAMANDA: Winga wa kushoto. Alimfunga kipa wa timu ya Penedo goli kutoka kona.

SINDANO: Suti yake ya komunyo ya kwanza nilishona mimi. Mabega mapana kuliko umri wake.

ONDINA: Ndiyo, wazee. Jina lake?

Kila mmoja alikuwa na kipande cha kijana huyo mkononi, na jina hakuna aliyekuwa nalo. Kisha Gracinda akapumua, uso ukamkunjuka.

GRACINDA: Jamani, tunajisumbua bure. Kengele ndiye aliyemsimamia ubatizo, na akampa jina lake mwenyewe. Sema jina lako, mzee, binti awahi.

Nikafungua mdomo, nikalitafuta jina langu, sikulikuta. Ondina alikuwa ananingoja kwa adabu, kichwa amekiinamisha kidogo. Nikaogopa, sijapata kuogopa vile.

MIMI: Gracinda, tumekua pamoja. Umesoma na mimi, umecheza na mimi. Sema wewe.

Akaja mpaka mbele yangu na kitambaa cha meza mkononi, akanitazama usoni, akanitazama sana.

GRACINDA: Kengele. Wewe si Kengele?