Kaka Yetu, Afisa Pekee wa Ubalozi

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi mitambo na mkunga. Baba alimpachika jina la Itifaki utotoni, siku mama alipomwachia mlango na kumwambia asimfungulie mtu wakati yeye anaoga. Shangazi alifika na kikapu chake kichwani, akaachwa juani mpaka mama alipomaliza kuoga na kuvaa. Shangazi yupo hapa leo, na hajawahi kumsamehe.

Alisoma shule ya msingi ya reli, akamaliza kidato cha sita mwaka 1987, kisha akachukua shahada ya uhusiano wa kimataifa. Mwaka 1994 aliajiriwa Wizara ya Mambo ya Nje, upande wa viza na huduma kwa raia walio ng'ambo. Mwaka 2010 alipelekwa kwenye ubalozi wetu katika nchi ambayo baadaye iliwekewa vikwazo. Huko ndiko alikomuoa, tarehe 6 Julai 2013, mwalimu wa hesabu, mwenyeji wa kule, mcheshi, aliyejifunza Kiswahili kwa kutusikiliza tukibishana kwenye simu. Walijaliwa binti mmoja, aliyeandikishwa uraia wa mama yake.

Mwaka 2018 vikwazo vilikaza na balozi nyingi zikafungwa. Serikali yetu haikutaka kuvunja uhusiano, wala haikutaka kuonekana inaushikilia. Ikawarudisha nyumbani maafisa wote, ikamwacha yeye peke yake ili bendera iendelee kupepea. Alifagia mwenyewe, akapandisha bendera mwenyewe, akapokea simu kwa sauti ya mpokezi na kuiendeleza kwa sauti ya kaimu balozi. Akitusimulia hayo tulikuwa tunavunjika mbavu.

Mwanzoni mwa 2023 figo zake zilianza kushindwa kazi. Hospitali ya kule ilikuwa na madaktari wazuri na mashine ya kusafisha damu, lakini vichujio vyake vilitoka nje, na hakuna kampuni iliyothubutu kuviuza huko. Wizara ilimwita nyumbani kwa matibabu. Alikubali, kwa sharti kwamba aje na mke na mtoto, maana akiondoka yeye ubalozi ungefungwa, na wao wasingepata tena wa kuwapa viza.

Hapo ndipo tulipokwama. Muhuri wa viza ulikuwa mezani kwake, lakini sheria ya kazi yao hairuhusu afisa kumwidhinishia ndugu yake. Lazima asaini mwingine, na mwingine hakuwepo. Aliomba aletewe mmoja, hata wa wiki moja tu. Akajibiwa kwamba suala lake linafanyiwa kazi.

Shemeji alinipigia akilia. "Shem, mwambie agonge huo muhuri! Mimi ameninunia."

Nikamwambia. Akanijibu, "Mdogo wangu, nikijisainia mimi, kesho watasema ubalozi umekuwa duka la shemeji zangu. Subirini, afisa anakuja."

"Anakuja lini, kaka?"

"We nawe! Si nimesema anakuja?"

Wengine wamesimama hapa wakausifu uadilifu wake. Mimi nilimpenda kuliko wote waliosema, na nasema alikosea. Angegonga.

Alifariki tarehe 2 Februari 2024, palepale ofisini, kwenye kochi la wageni, mkewe akiwa amempakata. Mwili ulipitia nchi ya tatu. Shemeji na binti walimsindikiza hadi uwanja wa ndege wakazuiwa, kwa sababu maiti haidaiwi viza na wao wanadaiwa.

Ameacha mama yetu mzazi, dada wawili, mimi mdogo wake, mjane, na binti wa miaka tisa. Hao wawili wa mwisho msiwatafute kwenye viti vya mbele. Tulijaribu ubalozi wetu wa nchi jirani, wakasema faili hilo si lao. Juzi tuliiomba wizara iwaruhusu waje kumzika. Jibu tulisomewa na mheshimiwa aliyeketi mstari wa pili: maombi yapelekwe kwenye ubalozi wetu kule.

Mheshimiwa, ubalozi wetu kule ndiye huyu tunayemshusha kaburini.

Mungu ampokee kaka yetu, ampe usingizi wa amani. Na awatazame wale wawili, maana sisi tumeshindwa.