Baiskeli ya Gia Tano

Benchi letu liko Bwaise, kando ya Bombo Road, mbele ya birika la Mama Kaltumi, mama wa Kinubi anayetia tangawizi kwenye kahawa mpaka machozi yanatoka, na ukilalamika anakuongezea. Hapo tunatatua matatizo ya dunia nzima, yetu tu ndiyo yanatushinda. Ijumaa ile tatizo lilikuwa limeegemezwa ukutani: baiskeli nyekundu ya kuazima, yenye kiti chembamba ambacho sisi wenye makalio hatukukielewa. Kesho yake ilikuwa iende Gulu pamoja na msafara wa waendesha baiskeli, kuchangisha fedha za dawa za watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu unaovunja mifupa kwa maumivu. Wa kuiendesha ni Abdul-Latif, bodaboda wetu, tunayemwita Gia Tano. Ilikaa pale wiki nzima, naye hakuwa amegusa hata kengele yake.

Akram ndiye aliyeanza. Ni fundi wa simu, lakini tunamwita Redio kwa sababu hazimwi.

Redio: Banange, jamani, Gia, hii chuma utapanda lini?

Gia Tano: Safari iko kesho, ssebo. Leo napanda naenda wapi?

Redio: Si kuzoea tu!

Gia Tano: Kuzoea? Mimi na hii barabara tunajuana. Hata malori inanipigia honi kwa heshima.

Obwona, polisi mstaafu, Afande kwetu sote, hakucheka. Selimundu iko nyumbani kwake. Mvua za mwaka jana, Bwaise ilipogeuka ziwa, binti yake Ayaa alizidiwa, na ni Gia Tano aliyempakia kwenye pikipiki, maji yakilamba injini, mpaka hospitali. Alipopata nafuu, Ayaa alikuja kutafuta mtu wa mtaa aingie kwenye msafara. Hakumaliza hata kueleza, Gia Tano akasema, "Andika mimi." Steji nzima ya bodaboda ikaahidi kuchanga, ila kwa sharti moja: Gia afike Gulu kwa kukanyaga pedali mwenyewe.

Afande: Gia, mtoto yangu ameambia watu wote. Usipofika, mimi naficha uso wapi?

Gia Tano: Nitafika, Afande.

Redio: Anafika bila jasho! Baiskeli ni nini? Ni pikipiki, wametoa injini. Sasa mtu anaweza kitu na injini, hiyo bila injini itamshinda? Si iko nyepesi?

Kaltumi: Na nani anasukuma, we Akram?

Redio: Upepo, haboba, bibi yangu. Lori ya mkaa ikipita, inavuta hewa. Yeye anakaa nyuma yake tu, inamvuta mpaka Luweero. Anaweza hata kusinzia.

Afande: Hiyo hata polisi tulifundishwa. Shida ni Karuma, pale msituni. Kuna nyani.

Kaltumi: Nyani anataka nini na baiskeli?

Afande: Hii nyekundu, nyabo! Wataona ni nyanya. Watamkimbiza.

Redio: Kale, sawa, hapo ndiyo tumeshinda! Mtu anakimbizwa na nyani, atasikia mlima? Gia, funga nanasi nyuma ya kiti. Harufu inaenda mbali, wanakuja wote.

Afande: Wakishika nanasi?

Redio: Wakishika, watakuwa wanasukuma! Nyani kumi nyuma, Afande, hiyo ni injini. Wazungu wa msafara watamkuta Gulu ameshaoga.

Tulicheka mpaka benchi likalia. Mama Kaltumi alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, na safari hii haikuwa tangawizi. Lakini mimi nilikuwa namtazama Gia Tano. Kadiri safari ilivyozidi kuwa rahisi midomoni mwetu, ndivyo alivyozidi kuizungusha kahawa yake kikombeni, mpaka ikapoa. Nilimwonea huruma bila kujua kwa nini.

Ndipo Ayaa akatokea, mwembamba, na sweta juani, amekuja kutoka chuoni. Akapiga goti kidogo kutusalimia, akamkabidhi Gia Tano fulana ya msafara yenye jina lake mgongoni.

Ayaa: Asante, anko Latif. Watoto wa wodi wote wanakungoja Gulu.

Gia Tano: Wasiwe na wasiwasi.

Ayaa: Lakini mimi nimekuona na pikipiki tu, siku zote. Baiskeli ulijifunzia wapi?

Swali dogo hivyo. Afande akamtazama Gia Tano, Gia Tano akaitazama fulana. Nasi tuliokulia naye tukaanza kumtafuta kichwani juu ya baiskeli, mwaka huu, mwaka ule, utotoni, na hatukumwona popote. Wiki nzima tulikuwa tumejadili mpaka nyani, na hakuna aliyeuliza.

Kaltumi: Ya Allah.

Ayaa hakukasirika. Aliiondoa baiskeli ukutani, akaisimamisha kando ya barabara, akashika kiti kwa mikono miwili.

Ayaa: Panda, anko. Jua bado liko. Mimi nashika.

Gia Tano akavua kofia yake ya pikipiki, akaivaa tena, akapanda. Akaweka miguu vizuri, akakaza macho upande wa Gulu. Kisha mkono wake wa kulia ukazungusha mpini, taratibu, kama anaongeza mafuta, akangoja iondoke.