Nyumba ya Nailoni na Blanketi za Harusi

Nawasalimu nyote humu kanisani, mnaonipenda na mnaonichunguza. Kabla sijaanza, mzee uliye hapo karibu na mlango, tafadhali usukume ufungike. Si baridi ya Timau tu inayonisumbua. Sipendi kuongea kukiwa na mtu huko nje anayesikiliza bila kuonekana. Mmeona, ameufunga kwa fimbo. Asante, Baba.

Mnacheka, lakini ndivyo nilivyo. Nikipewa chai nauliza ni nani ameichemsha. Nikimwazima mtu sufuria, naikagua kabla haijatoka na naikagua ikirudi. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba nikifika mbinguni nitamwomba malaika kitambulisho.

Basi Mungu akamchukua huyo mtu wa utani, na baada ya mazishi shamba la maua nilikokuwa nimeajiriwa likapunguza wafanyakazi. Jina langu lilikuwa la kwanza kusomwa, mpaka leo sijui kwa nini. Nikabaki na msichana wangu na kipande cha ardhi ambacho baba mkwe alikuwa amempa mume wangu. Nikapanda nyanya. Mnaijua baridi yetu. Asubuhi moja nilikuta sakitu, ule umande ulioganda, imelala juu ya majani kama unga, na jua lilipotoka mimea yote ikawa myeusi kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Nikapanda tena. Ikaungua tena.

Dada yangu ameolewa Siakago, huko chini kwenye joto. Akanipigia simu akasema, "Niletee huyo mtoto akae na sisi. Huku hatukosi ndengu. Wewe utajipanga polepole." Aliongea kwa upendo, lakini mimi nikajiuliza, kwani yeye hana wa kumchotea maji? Nikamwomba msimu mmoja tu. Nikishindwa, ningempeleka mtoto mwenyewe. Msichana alikuwa amesimama mlangoni akasikia yote. Tangu siku hiyo akawa ananifuata shambani kila mahali, hata pale ambapo hapakuwa na kazi. Alikuwa anashika tu leso yangu.

Ndipo nikaamua kujenga nyumba ya nailoni, ile wataalamu wanaiita kivungulio. Sikuwa na fundi. Nilikata miti ya mikaratusi, nikachimba mashimo, nikaomba nailoni kuukuu iliyotupwa. Upande unaoangalia mlima nikapanga magunia niliyojaza mabua ya ngano mpaka kifuani, ili upepo ugonge hapo ukome. Ndani nikaweka nailoni ya pili, nikaacha nafasi katikati. Nikajaza maji mitungi niliyoipaka rangi nyeusi, nikaiweka kati ya mistari. Inakunywa jua mchana, usiku inarudisha joto. Hayo nilikuwa nimeyaona kazini.

Ikabaki sehemu moja tu, mlango na ule upande wa chini. Nailoni haikutosha. Baridi ilikuwa inapita hapo kama mgeni aliyealikwa. Nikaingia chumbani, nikatoa blanketi tulizopewa siku ya harusi, nikazitundika pale. Nililia kidogo, sitawaficha. Lakini nilijiambia, kama zilitutosha sisi wawili, zitazitosha nyanya.

Na ndugu zangu, nawaambia, mimi nilifunga! Nilikuwa naenda kibarua cha kuchimba viazi kabla jua halijatoka, narudi likiwa linazama, na blanketi zilibaki chini mchana kutwa. Kwanza ni joto, pili ni macho ya watu. Sikutaka mtu aone nyanya zangu. Lakini nikaanza kuona maji yanadondoka kutoka kwenye nailoni, na majani ya chini yanapata madoa meusi. Nikasema, nimelogwa.

Halafu nikagundua jambo. Blanketi yangu ina mstari mwekundu, na mimi huuweka juu. Siku moja nilirudi nikakuta mstari uko chini. Kuna mtu ameishika! Kesho yake nikamwaga jivu mlangoni ili nione nyayo. Jioni nilipoinama kuangalia, hapakuwa na unyayo hata mmoja. Palikuwa na vishimo tu, vya mviringo, kimoja kimoja. Nikajiuliza, ni kiumbe gani kinatembea kwa mguu mmoja wa mviringo?

Kuna mama tunayepakana naye shamba. Simtaji. Alikuwa amewahi kuniuliza nyanya zinaendeleaje, na mimi nikaona swali hilo si la bure. Nikaacha kumsalimia. Hapa hapa kanisani alininyooshea mkono, nikauacha hewani. Na cha ajabu, yale madoa yalikuwa yameacha kuenea. Majani mapya yalitoka safi. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nikasema, anazinenepesha ili azivune yeye.

Asubuhi moja nikajifanya nimeenda kibarua. Nilizunguka nikajificha nyuma ya rundo la mabua, jembe mkononi. Jua lilipanda, umande ukaanza kukauka, nami nimekodoa macho kwenye boma la yule mama. Lakini mtu akatokea upande mwingine kabisa. Alikuwa baba mkwe wangu.

Alisimama mbali na mlango. Akavua kofia. Halafu akabisha, "Hodi." Watu wangu, alibisha hodi kwa nyanya! Hakuna aliyemwitikia. Akageuza uso pembeni kama mtu anayepita karibu na bafu, akanyoosha fimbo yake, akaanza kuinua blanketi bila kuiangalia. Ilimchukua muda mrefu. Mara ikateleza ikamwangukia begani, naye akaruka kama ameguswa na moto. Akaanza upya kwa fimbo mpaka ikakaa juu ya nguzo, na hewa ikaingia.

Mnaijua nthoni, ile heshima yetu ya wakwe. Baba mkwe haingii chumbani kwa mke wa mwanawe, na hagusi matandiko yake. Na mimi nilikuwa nimetundika matandiko yangu shambani, mbele ya macho yake.

Nilitoka mafichoni. Jembe niliangusha. Yeye akainamisha kichwa, akaangalia chini.

"Mama," akasema, "hizo ni blanketi za kitanda yako. Siwezi kuzishika. Lakini hii mimea inakosa hewa. Hata ng'ombe ukifungia hivyo inakohoa. Nafungua jua ikitoka, nafunga kabla haijashuka."

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Mzee kama mimi akuje kuongea mambo ya blanketi yako? Aki hapana."

"Si ungetuma mtu aniambie."

Akaegemea fimbo yake, ncha ikaacha kishimo cha mviringo ardhini. Kisha akasema kwa upole, bila hasira yoyote, "Ningetuma nani, mama? Wewe unaamini nani?"

Nilitafuta jina la kumjibu. Nilipitisha akilini watu wote ninaowajua, wengi wenu mmekaa hapa, nikakosa hata mmoja. Hapo ndipo nilipolia, si kwa ajili ya nyanya.

Siku hiyo sikwenda kibarua. Nilishona magunia, nikatundika pale, nikarudisha blanketi kitandani. Mpaka leo Baba haingii ndani, lakini magunia anayashika kwa mkono. Ndiye anayefungua nikiwa mbali. Baridi ilikuja, kali kuliko ile ya kwanza, ikaunguza nyasi kuizunguka nyumba yote. Ndani hakikuungua kitu. Nyanya nilizovuna mlizila katika harambee yetu. Na msichana mnayemsikia akiimba kwa sauti kuliko wenzake kule Sunday school ni wangu. Hakwenda Siakago.

Namshukuru dada yangu, ambaye sasa najua alimtaka mtoto kwa sababu alimpenda. Namshukuru yule mama tunayepakana naye. Leo mkono ni wangu, nimeunyoosha, na ukitaka kuuacha hewani una haki. Ninalowaachia ni hili: baridi ikija, funga vizuri. Lakini jua likitoka, fungua, la sivyo utaoza ukiwa ndani ya joto lako mwenyewe.

Sijapona kabisa. Mkoba wangu niko nao hapa miguuni. Lakini Baba, wewe uliye karibu na mlango, naona jua limetoka. Fungua tu. Na si kwa fimbo, Baba. Kwa mkono.