Kifungu cha Tisa

Mheshimiwa Jaji, mgeni wetu rasmi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Mawakili. Waheshimiwa wabunge mlio madarakani, na sisi wenzenu tuliopumzishwa na wapiga kura. Mama mwenyekiti wa wauzaji wa soko, na ujumbe wako uliojaza safu tatu za mbele kwa kadi moja ya mwaliko. Shemeji yangu Mwalimu, uliyetuazima mkeo, Wakili wetu, kwa miaka thelathini na mmoja. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana, hamjambo?

Nimepewa dakika kumi nimzungumzie Wakili wetu, anayestaafu leo baada ya kutunga sheria nyingi na kupanga kampeni nyingi zaidi. Mnanijua, nikishika kipaza sauti kukirudisha ni kazi. Ila leo nina sababu. Jina la mtu huyu lina doa, na mimi ninajua lilivyoingia. Nimelikwepa jambo hili miaka kumi na mmoja.

Lakini tuanze na kicheko. Siku ya kwanza kukutana naye nilikuwa mgombea mchanga, suti mpya, kichwa kimejaa takwimu. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la fundi viatu, meza mbili na feni iliyozunguka ikijisikia. Akaniambia, "Nieleze sera yako ya maji kama unamweleza mama mkwe wako." Nikaeleza dakika ishirini, na meza nikaipiga. Nilipomaliza akasema, "Mheshimiwa, mama mkwe amelala tangu dakika ya tatu."

Ndivyo alivyo. Kila muswada alioandika alimsomea kwanza mama wa usafi wa pale ofisini. Mama akiuliza, "Sasa mimi hapo nifanyeje?" basi ukurasa unachanwa. Wapo wanasheria humu, nawaona mnaangalia chini, ambao miswada yenu ilipitishwa na maprofesa watano ikaangushwa na mama mmoja mwenye fagio. Tujiulize, ni sheria ngapi mbovu zisingetufikia kama kila ofisi ingekuwa na mama yule?

Na kwenye kampeni hakuwa na mbwembwe. Wenzake walikodi magari ya matangazo. Yeye alitutembeza nyumba kwa nyumba, na jioni akatupanga mstari tuinue miguu akague soli. Ambaye soli yake haijalika hakupewa chai. Mimi wiki ya kwanza nilishindia maji.

Haya, sasa lile la mbuzi. Akina mama wa sokoni, msianze kucheka kabla sijafika.

Wageni ambao hamkuwepo, mambo yalikuwa hivi. Tulitunga sheria ya soko. Kifungu cha mwisho kilisema muuzaji atapewa kibanda akitimiza masharti ya kifungu cha kumi na nne, yaani aandikishe jina lake tu, basi. Kifungu cha kumi na tano kilihusu mifugo: mnyama yeyote aletwaye sokoni awe amechanjwa na afungwe kamba. Kati ya kamati na kuchapishwa, kifungu cha tisa kikafutwa. Namba zote zilizofuata zikasogea juu, ila ile kumi na nne iliyotajwa ndani ya kifungu cha mwisho ikaachwa ilivyo. Kwa hiyo sheria iliyotoka ilisema muuzaji wa nyanya hapati kibanda mpaka awe amechanjwa na kufungwa kamba.

Tungecheka yakaisha. Lakini afisa wa soko alikuwa mtu wa sheria ni sheria. Wiki ile akafunga vibanda arobaini. Mama mwenyekiti hapa alimwambia, "Mwanangu, chanjo nitachoma, lakini kamba utanifunga wewe?" Cheko likaenea mji mzima, na nyanya zikaendelea kuoza.

Uchaguzi ulikuwa wiki tatu mbele. Nikamwambia Wakili, "Tunyamaze, ukipita tutarekebisha." Akanitazama. "Mheshimiwa, na hao arobaini watakula kimya chetu?" Kesho yake asubuhi akaenda sokoni, akapanda juu ya kreti, akasema, "Kosa limetoka ofisini kwangu. Nipeni siku kumi." Akazunguka bungeni mlango kwa mlango, wa upande wetu na wa upinzani. Siku ya tisa vibanda vikafunguliwa. Mimi nikashindwa kwa kura mia tatu na kumi na mbili, na kwa miaka mingi, kila aliponiuliza mtu sababu, nilisema, "Muulizeni Wakili wa Mbuzi."

Ndiyo. Jina hilo nililianzisha mimi. Magazeti yakalidaka. Mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya kuongoza tume ya kurekebisha sheria, kazi aliyoitamani kuliko zote; akakatwa, sababu ikaandikwa kwenye faili lake: uzembe katika uandishi. Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwa naye nyumbani siku barua ya kumkataa ilipofika. Sijui mlizungumza nini, na sikuwahi kuja kuuliza.

Ofisini kwake kulikuwa na amri moja tu: ukigusa namba, niambie. Kila mtu aliijua. Kifungu cha tisa kilizuia malori kushusha mizigo mbele ya vibanda saa za biashara. Rafiki yangu mwenye malori alininong'oneza. Nikiwa njiani kuupeleka muswada kwa katibu wa kamati ukachapishwe, nilikipiga mstari kwa kalamu yangu ya zambarau, nikatia na saini. Nilijiambia, kifungu kimoja tu, nani atajua? Sikumwambia.

Mwezi jana alipokuwa akihamisha ofisi aliniletea ndani ya bahasha ukurasa ule, aliorudishiwa na katibu wiki ile vibanda vilipofungwa. Akasema, "Mheshimiwa, huu ni wako, nimeogopa usipotee." Kwa hiyo alijua. Alijua siku aliyopanda kreti. Alikuwa na saini yangu mkononi tangu mwanzo, angeweza kunimaliza kwa asubuhi moja, na hakufungua mdomo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Ulikuwa mteja wangu. Siri za mteja hazistaafu."

Mimi si wakili, na siri hii ni yangu, nina haki ya kuitoa. Mheshimiwa Jaji, leo wewe ndiye mkuu wa tume ile. Ukurasa wenyewe huu hapa. Naomba uupokee mbele ya watu hawa, uingie kwenye faili lake, na pale palipoandikwa uzembe wake paandikwe wangu, kwa jina langu kamili.

Dada yangu, kazi ile siwezi kukurudishia. Nisamehe, na kama bado huwezi, nitaelewa.

Ndugu zangu, mmenivumilia hadi mwisho, ahsanteni sana. Kipaza sauti hiki hapa, Wakili. Zamu hii sitakukatiza.