Pazia la Chumba Nambari Kumi na Nne

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Kerubo, mlinzi wa bweni la zamani la wasichana, chuoni kwetu hapa Doha. Sisi tulimwita Mama Valerie. Niliishi bwenini humo miaka minne, kwa hiyo mnivumilie nikisoma polepole.

Bweni hilo lilijengwa na watu walioliogopa jua. Kuta nene. Ua katikati. Madirisha marefu na membamba, kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Kerubo alikaa mapokezi miaka kumi na sita.

"Kitambulisho kiko wapi?" alikuwa akiuliza. "Ama niandike 'mrembo mmoja' upite?"

Tulicheka, kisha tukarudi kukitafuta.

Miaka kumi na sita, wasikilizaji, na hakulala humo hata siku moja. Zamu ikiisha, basi la kampuni lilimrudisha Industrial Area, mtaa wa wafanyakazi, kwenye chumba cha watu sita. Alitaka jambo moja tu: binti yake Valerie, aliyebaki nyumbani Nyamira, aje kusoma na kulala katika bweni lile. Chumba alishakichagua. Nambari kumi na nne, kisichopigwa na jua la mchana.

Mwaka huu Valerie alipata nafasi. Kerubo akapima dirisha la kumi na nne, akanunua kitambaa mtaa wa Al Sadd, akashona pazia kwa mkono. Mlinzi mwenzake, Mumbua, alimtania.

"Pazia refu hivi, ni la mtoto ama la twiga?"

"Nyamaza wewe. Mtoto wangu halali na jua usoni."

Julai, chuo kikatangaza kwamba bweni litabomolewa. Kerubo alilikunja pazia, akalitia kwenye mfuko chini ya meza ya mapokezi. Wiki mbili baadaye moyo wake ulisimama, ndani ya basi, akienda kazini.

Valerie alimzika mama yake kule Nyamira, kisha akapanda ndege kuja kusoma. Mumbua alimpokea akiwa na mfuko ule.

Bweni jipya alilopangiwa lina vioo ukuta mzima. Pazia la Kerubo linafunika ukanda mdogo tu. Valerie alilitundika kando ya mto wake wa kulalia.

"Halitoshi, mwanangu," Mumbua akamwambia.

"Linafika usoni, auntie. Alitaka uso tu."

Pole sana, Valerie. Poleni familia yote Nyamira, na wewe Mumbua. Bweni letu linavunjwa Alhamisi. Wasikilizaji wapendwa, kesho ukimpita mlinzi mlangoni, simama kidogo. Muulize mwanawe anaitwa nani.